Beseni, kivuli na maji lita 20: namna ya kuwaandalia watoto wadogo michezo ya maji msimu wa joto

Tangu shule zinapofungwa mwezi Desemba hadi masika yanapoanza mwezi Machi, upepo wa kaskazi huvuma katika pwani ya Tanzania, na jijini Dar es Salaam joto la mchana hupita nyuzi 30 karibu kila siku, huku unyevunyevu wa hewa ukifanya jasho lisikauke mwilini. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hana maneno ya kueleza kwamba joto limemchosha. Hulia bila sababu inayoonekana, hukataa chakula, hugombana na nduguze kwa kitu kidogo, na usingizi wa mchana humpaa. Nusu saa ya kuchezea maji humtuliza mtoto wa namna hiyo kuliko televisheni, na humfundisha mambo mengi kwa wakati uleule.

Wazazi wengi wakisikia michezo ya maji hufikiria bwawa la kuogelea la hotelini. Kwa maoni yangu, bwawa si mahali pa kuanzia kwa mtoto aliye chini ya miaka 6: lina gharama, lina hatari, na mtoto akiwa humo hana la kufanya zaidi ya kushikiliwa na mtu mzima. Beseni lenye maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu humpa kazi ya kumimina, kupima, kukamua, kusukuma na kuuliza maswali. Maelezo yanayofuata yanahusu watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 6 wanaochezea uani, barazani au kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, na mwishoni yanagusa ufukwe wa bahari na ziwa, kwa sababu msimu huu familia nyingi huelekea huko.

Saa na mahali

Muda mzuri ni kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Kati ya nyakati hizo mbili jua la pwani ni kali mno kwa ngozi ya mtoto, na maji humdanganya, kwa kuwa huhisi baridi wakati jua linaendelea kumchoma mabegani. Chini ya mwembe au mkungu panafaa kuliko mahali pengine popote. Pasipokuwa na mti, funga kitenge kikuukuu au turubai kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, kisha subiri dakika chache uone kivuli kinaelekea wapi kabla ya kuweka beseni, maana kivuli cha saa 2 hakiwi mahali palepale saa 3 na nusu.

Mtoto mwenye ualbino anaweza kucheza kama wenzake, lakini achezee kivulini muda wote, avae shati la mikono mirefu na kofia pana hata akiwa majini, na apakwe losheni ya kukinga jua, ambayo hutengenezwa pia huko Moshi mahususi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Losheni huondoka kwa maji, kwa hiyo ipakwe tena mchezo ukiendelea.

Sakafu nayo ina neno lake. Mchanga na majani ni salama. Vigae vilivyomwagikiwa maji ya sabuni vinateleza kiasi cha kumwangusha hata mtu mzima. Ikiwa huna uwanja mwingine, tandika mkeka mkuukuu au gunia lililolowanishwa, na uweke kanuni ya kutokimbia tangu mwanzo: wanaotaka kukimbia waende upande mkavu. Kisha zungusha macho kutafuta umeme. Ekstensheni iliyotolewa nje kwa ajili ya redio, pampu ya kupandishia maji kwenye simtanki na pasi iliyoachwa barazani vyote viondolewe au vizimwe na kuchomolewa kabla maji hayajamwagwa.

Maji yenyewe

Katika mitaa yenye mgao, au mahali ambapo maji hununuliwa kwa ndoo, mzazi ana haki ya kuuliza kama ni busara kuwapa watoto maji wayamwage. Jibu ni kwamba ndoo moja ya lita 20 inawatosha watoto watatu kwa saa nzima, mradi igawanywe katika mabeseni mawili mapana badala ya kuachwa ndani ya ndoo, na mradi maji hayo yakitoka kwenye mchezo yaende kwenye mchicha, kwenye miche au chooni. Mtoto anayeambiwa tangu mwanzo kwamba maji ni haya tu, na kwamba yakiisha mchezo umekwisha, hujifunza kuyatunza kwa haraka ya kushangaza. Hata utamwona akimkemea mdogo wake anayeyamwaga chini.

Maji yawe safi, kwa sababu watoto wa umri huu huyanywa hata wakikatazwa. Maji ya bomba au ya kisima kirefu yanafaa kwa mchezo. Maji ya kisima kifupi, ya mfereji, au ya mvua yaliyokaa kwenye pipa lisilo na kifuniko hayafai mpaka yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Kipindupindu hakichagui kati ya maji ya kunywa na maji ya kuchezea. Weka pembeni jagi la maji ya kunywa yaliyochemshwa na vikombe vyake, ili mwenye kiu asinywe ya beseni. Mtoto anayeharisha asichangie maji na wenzake mpaka apone. Mpe kibeseni chake peke yake ikiwa ana nguvu za kucheza.

Pima joto la maji kwa kiwiko. Maji yaliyolala ndani ya mpira wa kumwagilia uliotandazwa juani, au yanayotoka kwenye bomba lililopita juu ya bati, huweza kuwa ya moto wa kuunguza yanapoanza kutoka. Yaache yatiririke kwenye ndoo kwanza mpaka yapoe. Kwa upande wa pili, mtoto anayeanza kutetemeka au ambaye midomo yake inabadilika rangi atolewe mara moja, akaushwe na kufunikwa kanga, hata kama jua linawaka.

Mlinzi mmoja mwenye jina

Hapa ndipo pasipo na mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka 5. Wengi hufikiria bahari na mito, ilhali kwa mtoto anayejifunza kutembea ndoo iliyoachwa bafuni inatosha. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akiinama kuchungulia hutangulia kichwa, na mikono yake haina nguvu ya kujisukuma nje. Maji ya kina cha sentimita 5 yanaweza kumfunika pua na mdomo. Wala hapigi kelele: mtu anayezama hana pumzi ya kupigia kelele, na mtoto huzama kimya huku watu wakizungumza hatua chache kutoka hapo.

Kwa hiyo kila mchezo wa maji uwe na mlinzi mmoja anayejulikana kwa jina. Watu wazima watano walioketi barazani si walinzi watano, kwani kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Mlinzi hukaa mahali ambapo akinyoosha mkono anamfikia mtoto mdogo kuliko wote, hachambui mboga, hasuki nywele, na simu yake ikiita haipokei. Akitaka kuondoka, hata kwa dakika moja kwenda kumfungulia mgeni, hukabidhi kazi kwa maneno: “Dada, nakuachia watoto, nakwenda getini,” na huondoka baada ya kuitikiwa. Kumwachia mtoto wa miaka 8 kazi ya kumchunga mdogo wake kwenye maji si kumfundisha majukumu. Ni kumtwika jambo asiloliweza. Maboya ya mikononi ya kupuliza nayo si mlinzi, kwa kuwa hupasuka na huchomoka.

Kabla ya kuanza, funika kwa mfuniko mzito au kwa kufuli kila pipa, kisima na tangi la ardhini lililopo uani, maana mtoto aliyekwisha kuonjeshwa utamu wa maji atayafuata popote.

Ikitokea mtoto ameingia chini ya maji na hapumui, mtoe, piga kelele watu waje, na uanze kumpa pumzi papo hapo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu kidogo, mbane pua na umpulizie mdomoni pumzi 5 ukiangalia kifua kikipanda. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo bila kuacha huku mwingine akipiga simu 112, au 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Desturi ya kumning'iniza mtoto kichwa chini ili maji yatoke haina msaada wowote na hupoteza dakika ambazo ubongo wake hauna hewa. Mtoto aliyezinduka naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata akionekana mzima.

Kumimina na kupima

Mchezo wa kwanza, na kwa mtoto wa miaka 1 hadi 3 ndio unaodumu kuliko yote, ni kumimina. Mpe mabeseni mawili, moja tupu na moja lenye maji ya robo, pamoja na vyombo vya jikoni vya ukubwa tofauti: kikombe cha bati, kata, chujio la chai, faneli ya kutilia mafuta, chupa tupu ya lita 1 na kifuu kilichosuguliwa vizuri. Usimwonyeshe cha kufanya. Atachota kwa chujio, ashangae maji yamekwenda wapi, achote tena, na huenda akarudia mara nyingi kuliko uvumilivu wako. Kurudia huko ndiko kujifunza kwenyewe, kwa hiyo jizuie kumsaidia. Neno moja la kutaja anachokiona, kama “yamejaa”, “yamemwagika” au “yanavuja”, linatosha. Vifuniko vidogo vya chupa na gololi visiwepo kabisa mbele ya watoto wa chini ya miaka 3, kwa kuwa humezwa na kukaba koo.

Watoto wa miaka 4 hadi 6 hutaka mchezo wenye lengo. Waulize vikombe vingapi vya bati vinajaza chupa ya lita 1, wakadirie kwanza kisha wapime. Wape sponji kila mmoja na uwaambie wahamishe maji yote kutoka beseni hili hadi lile la umbali wa hatua kumi kwa kukamua tu, bila kutumia chombo. Vidole vinavyokamua sponji ndivyo vitakavyoshika penseli, na walimu wa darasa la awali wanalijua hilo. Sponji hizo, zikikatwa vipande virefu na kufungwa pamoja katikati, huwa mipira laini ya kurushiana, na naipendelea kuliko maputo ya maji: puto likipasuka huacha kipande cha mpira ambacho mtoto mdogo akikitia mdomoni kinaweza kumziba pumzi.

Bomba la kunyweshea dawa lisilo na sindano, lile linalopatikana katika maduka ya dawa, ni chombo kingine cha kuwashughulisha. Chora duara la mkaa ukutani na uwaache walenge. Wekeni kanuni moja: hakuna kulenga uso, na anayevunja kanuni hukaa pembeni mpaka wenzake wamalize zamu zao.

Kinachoelea na kinachozama

Jaza beseni pana hadi sentimita 10 na ukusanye vitu kumi vya nyumbani: jiwe, kijiko, jani la mwembe, kipande cha mkaa, msumari mnene, kibanio cha nguo, kandambili, kitunguu, limau, chungwa. Kila mtoto aseme kwanza kama kitu kitaelea au kitazama, kisha akiweke mwenyewe. Jiwe halimshangazi mtu. Kinachowashangaza ni chungwa. Chungwa lenye ganda lake huelea likibingirika juu ya maji. Limenye ganda lote pamoja na ule utando mweupe, lirudishe, na utaliona likishuka chini polepole, ingawa limekuwa jepesi kuliko lilivyokuwa. Watoto watakwambia kwamba umefanya kiinimacho. Waache wabishane kabla ya kuwaeleza kwamba ndani ya ganda mna vishimo vingi vya hewa, na kwamba chungwa lililovuliwa ganda limevuliwa boya lake.

Jaribio la pili linahitaji yai bichi na chumvi, na linafaa kwa wenye miaka 5 au 6. Tumbukiza yai jipya kwenye jagi la maji ya bomba, litazama. Lichopoe, koroga chumvi vijiko vya chakula kadhaa mpaka maji yawe machungu kama ya bahari au zaidi, kisha lirudishe. Likizama tena ongeza chumvi mpaka linyanyuke. Mtoto aliyeliona hilo akienda baharini ataelewa kwa nini mwili wake unahisi mwepesi kule. Baada ya kushika yai bichi, mikono ioshwe kwa sabuni.

Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia vyombo vya baharini. Watoto wa pwani wamekuwa wakitengeneza ngalawa za kuchezea kwa soli za kandambili zilizokatika mikanda: mtu mzima huchonga soli kwa kisu ipate omo na tezi, hutoboa tundu katikati, huchomeka kijiti cha mlingoti, na tanga hukatwa kutoka kwenye kipande cha nailoni au kitambaa chepesi. Ikipinduka, mtoto ajaribu kufupisha mlingoti au kuongeza matengo ya vijiti kwa pembeni, kama ngalawa ya kweli. Wakubwa kidogo watafurahi kusikia kwamba lipo jahazi halisi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, mbavu zake zikafunikwa kandambili za rangi mbalimbali, na kwamba mwaka 2019 jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar.

Povu, rangi na barafu

Kwa povu la kupuliza, changanya kipimo 1 cha sabuni ya maji na vipimo 6 vya maji pamoja na kijiko cha sukari, uache mchanganyiko ulale usiku mmoja. Kipulizio kizuri ni bua la jani la mpapai, ambalo lina uwazi ndani. Likate ncha zote mbili, lioshe mpaka utomvu uishe, kwa sababu utomvu wa mpapai huwasha ngozi na mdomo, kisha liache likauke. Toboa kitundu kidogo karibu na upande wa mdomo: mtoto anayesahau na kuvuta badala ya kupuliza atavuta hewa, si sabuni. Kabla ya kumpa povu, mwombe apulizie kiganja chake kupitia bua hilo ili ujue kama anatofautisha. Baadhi ya watoto wa vijijini hupuliza mapovu kwa utomvu wa mbono kaburi. Mchezo huo ukatazwe waziwazi, kwa kuwa mbegu zake ni sumu na watoto wanaokaa chini ya mti huo huishia kuzionja.

Rangi si lazima inunuliwe. Choya kavu iliyolowekwa katika maji ya moto na kuachwa ipoe hutoa maji mekundu sana, ambayo yakigawanywa kwenye vikombe vitatu hutoa mchezo wa aina yake: kikombe kimoja kibaki kilivyo, cha pili kikamuliwe ndimu na rangi yake itang'aa zaidi, cha tatu mtu mzima atie chembe ya magadi na rangi itageuka kuelekea samawati au kijani. Magadi yabaki mikononi mwa mtu mzima, na maji ya kikombe hicho yasiguse macho. Choya hutia madoa, kwa hiyo siku hiyo si siku ya kanzu nyeupe.

Umeme ukiwepo, gandisha usiku bakuli la maji lenye maua ya asumini, majani ya mchaichai na kijiti cha kushikia. Asubuhi watoto wapewe donge hilo kubwa ndani ya beseni, pamoja na chumvi kidogo na kikombe cha maji ya uvuguvugu, watafute njia ya kuyatoa maua. Donge liwe kubwa kiasi cha kutoingia mdomoni, na vipande vinavyomeguka viondolewe.

Mchezo wa bei rahisi kuliko yote ni kupaka ukuta kwa maji. Brashi ya fundi rangi, kopo la maji, na ukuta wa saruji ambao haujapakwa rangi: mtoto huandika, huchora, na kabla hajamaliza picha ya pili ile ya kwanza imekwisha kukauka. Upande wa jua na upande wa kivuli hukauka kwa kasi tofauti, na mtoto wa miaka 5 hugundua hilo mwenyewe ukimwacha.

Kazi zinazogeuka mchezo

Watoto wadogo hupenda kazi za kweli kuliko vitu vya kuchezea, jambo ambalo wazalishaji wa vitu hivyo wasingependa tulitaje. Wape, wavulana kwa wasichana, nguo za mwanasesere au leso tatu, kibeseni cha maji ya sabuni, kibeseni cha kusuuzia na kamba iliyofungwa kimo chao wenyewe, wafue na kuanika. Wape chupa ambayo kifuniko chake umekitoboa matundu kwa msumari wa moto wamwagilie miche, kila mtoto na mche wake.

Kilicho bora zaidi katika kundi hili ni kutengeneza kibuyu chirizi pamoja nao. Simika miti miwili yenye panda, pitisha ufito juu yake, na uning'inize hapo dumu la lita 5 kwa kupitisha ufito kwenye mkono wake. Toboa tundu moja dogo upande wa mbele, chini kidogo ya mfuniko. Funga kamba shingoni mwa dumu na uishushe hadi kwenye kijiti kilicholala sentimita chache juu ya ardhi, ili mtoto akikanyaga kijiti dumu liiname na maji yachirizike, akiachia lirudi. Ning'iniza kipande cha sabuni kando. Urefu wa ufito upimwe kwa mtoto mdogo anayeweza kukanyaga, la sivyo atamwagiwa maji kifuani. Tandaza kokoto chini pasiwe na tope. Siku chache za mwanzo watanawa mikono mara nyingi kupita kiasi na sabuni itaisha upesi. Ni hasara inayovumilika, ukikumbuka kwamba kibuyu hicho kitawatumikia hata baada ya likizo kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.

Ufukweni na ziwani

Baharini sheria ni zilezile, isipokuwa mkono wa mlinzi uwe umemshika mtoto, si wa kumfikia tu. Chagua maji kupwa, wakati bahari inapoacha vidimbwi vya kina kifupi kwenye mchanga na miamba, ambavyo ni mabeseni yaliyokwisha kuandaliwa. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Dar es Salaam na Zanzibar huwa yamekupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 jioni, na tofauti ya kina inaweza kufika mita 4. Yakianza kurudi hayaji kwa mstari mmoja. Hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, kwa hiyo rudi mapema ungali unaona mchanga mkavu njia nzima. Watoto wavae yeboyebo kwa sababu ya miamba, vipande vya chupa na wanyama wenye miba, na nguo zao ziwe nyekundu au za rangi ya machungwa, kwani samawati na kijani hupotea majini. Yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wasiguswe, hata waliokwisha kufa mchangani.

Wakazi wa Mwanza, Musoma na Bukoba wana suala tofauti. Kando ya Ziwa Victoria, penye majani na konokono, kuna kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi iliyo ndani ya maji bila mtoto kuhisi lolote. Vivyo hivyo kwa madimbwi na vijito vya maji baridi vya Unguja na Pemba. Kwa watoto wadogo wa huko beseni la uani ni salama kuliko ufukwe wa ziwa, na yule aliyekwisha kuchezea maji hayo apelekwe kituo cha afya apimwe. Mafunzo ya kuogelea yenyewe, Shirika la Afya Duniani linayapendekeza kwa watoto wa umri wa kwenda shule, kuanzia miaka 6. Kabla ya hapo kuzoea maji kunatosha.

Baada ya mchezo

Watangazie dakika tano kabla, maana kuwatoa ghafla ni kutafuta vilio. Anayevaa pampasi avuliwe mapema, kwani iliyofyonza maji huwa mzigo na huchubua mapaja. Kaptura nyepesi inafaa zaidi tangu mwanzo. Suuza watoto kwa maji safi, wakaushe hadi katikati ya vidole, na masikio yafutwe kwa nje tu kwa kona ya kanga, bila kuingiza pamba wala kijiti. Mtoto ambaye sikio lake linatoa usaha hapaswi kutumbukiza kichwa majini tangu awali. Wape maji ya kunywa au dafu, na chakula kiwe tayari, kwa sababu njaa itakuja kwa kishindo na usingizi utafuata nyuma yake.

Kisha mabeseni. Maji yote yamwagwe papo hapo kwenye bustani, hata yale unayoyaona masafi na unayotamani kuyaweka mpaka jioni. Mbu wa aedes wanaoambukiza dengue, homa iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma mchana na hupenda maji masafi yaliyotuama karibu na watu, na huhitaji siku 7 hadi 10 hivi kutoka yai hadi kuruka. Mayai yao hubandikwa ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji na huweza kustahimili ukavu kwa miezi, ndiyo maana kumwaga pekee hakutoshi: sugua ukingo wa ndani kwa brashi ngumu, kisha pindua kila chombo kifudifudi, pamoja na vifuu, makopo ya brashi na zile ngalawa za kandambili ambazo hushika maji pale soli ilipobonyea. Bwawa la mpira la kupuliza litolewe upepo, likaushwe na kukunjwa, kwa sababu likiachwa uani mvua moja ya usiku italijaza, na asubuhi mtoto atakayeamka wa kwanza ndiye atakayeligundua.